MAFIGA MATATU YA NIA: KWA NINI KIJANA HUAMUA KUJIKINGA AU KUTOJIKINGA

Naandika kutoka Werugha, mahali pa ukungu na kabeji. Mwaka huu wahariri wa jarida letu walimtaka kila mwanachama achague somo moja linalotuhusu sisi wenyewe. Wenzangu wamechagua methali, ngeli na historia ya Wadawida. Mimi nimechagua jambo ambalo likitajwa darasani nusu ya darasa hucheka na nusu ya pili huangalia dirishani. Jambo lenyewe ni ngono, na hasa jinsi kijana anavyofikia uamuzi wa kujikinga au kutojikinga.

Sikulichagua ili niwachekeshe wa dawati la nyuma. Tuliingia Kidato cha Kwanza tukiwa wengi, na tulipofika Kidato cha Tatu kulikuwa na madawati yaliyobaki bila wenyewe. Baadhi ya wenzetu waliondoka kwa kukosa karo. Wengine, na hili twalijua sote ingawa hatulisemi, waliondoka kwa sababu ya mimba. Wasichana hao walikaa darasa moja nasi, wakafundishwa na mwalimu yule yule, wakanakili ubaoni maneno yale yale. Basi swali langu ni hili: ikiwa sote tulifundishwa, ni nini kinachomfanya huyu akusudie kujikinga na yule asikusudie? Na kwa nini hata aliyekusudia hushindwa?

Kujikinga ni nini?

Kabla hatujaenda mbali tuelewane kwa maneno. Nikisema kujikinga sina maana ya kondomu peke yake, kama wengi wanavyodhani. Kwa mwanafunzi, kinga ya kwanza na iliyo imara kuliko zote ni kungoja. Kwa watu wazima walio na wenzi wao kuna kupimwa pamoja, kuwa waaminifu, na kutumia kondomu sawasawa kila mara. Kondomu ikitumiwa hivyo hupunguza sana hatari ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi na ya kupata mimba. Ikitumiwa leo na kuachwa kesho, hatari hurudi.

Nia nayo ni kusudi la moyo: mtu amejiamulia, "Nitafanya hivi." Nia si sawa na kujua, wala si sawa na kutenda. Inakaa katikati ya hayo mawili. Mtu anaweza kujua bila kunuia, na anaweza kunuia bila kutenda.

Kujua peke yake hakutoshi

Hapa Kenya mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi aligunduliwa mwaka wa 1984. Mnamo Novemba 1999 Rais Daniel arap Moi alitangaza kwamba Ukimwi ni janga la kitaifa. Siku hizo karibu mtu mzima mmoja kati ya kila kumi alikuwa na virusi. Mafunzo yakaingizwa shuleni, na wazazi wetu walikua wakiona watu wakizikwa karibu kila juma. Leo mambo yamebadilika. Ziko dawa, na mwenye virusi anayezimeza vizuri kila siku huishi miaka mingi. Virusi vikishuka hadi visionekane kwenye kipimo, hawezi kumwambukiza mwenzake kwa njia ya ngono. Tumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini kizazi chetu hakikuona yale mazishi, na hofu iliyowafanya wakubwa wetu wafikiri mara mbili imepungua. Nikiwasikiliza wenzangu, wengi wao huogopa zaidi mimba kuliko ugonjwa.

Je, tukifundishwa zaidi tutajikinga zaidi? Tuwaangalie jirani zetu wa Tanzania. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mkoani Mwanza, ulianzishwa mradi ulioitwa MEMA kwa Vijana. Jumuiya 20 za vijijini zilihusishwa. Katika nusu yake wanafunzi wa darasa la tano hadi la saba walifundishwa juu ya afya ya uzazi, wahudumu wa afya wakaelekezwa namna ya kuwapokea vijana, na jumuiya ikaelimishwa. Vijana walipopimwa mwaka wa 2001 na 2002, ilionekana wazi kwamba waliofundishwa walikuwa na maarifa mengi zaidi na walijibu maswali vizuri zaidi. Lakini maambukizi ya virusi hayakupungua kwa kiwango cha kuonekana, na mimba vile vile. Watafiti walirudi mwaka wa 2007 na 2008 wakakuta hali ni ile ile: maarifa yalikuwa yamebaki kichwani, lakini maambukizi na mimba havikuwa vimepungua.

Hapa kwetu Kenya pia, utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Kaunti ya Samburu ilikuwa na asilimia 50, Nyeri asilimia 5. Nchi ni moja na vitabu vya shule ni vile vile. Bila shaka tofauti kubwa namna hiyo haiwezi kuelezwa na somo la darasani tu. Lazima kuna vitu vingine vinavyomsukuma kijana huku au kule.

Mafiga matatu

Wataalamu wawili wa elimunafsia wa Marekani, Martin Fishbein na Icek Ajzen, walieleza mwaka wa 1975 jinsi nia inavyojengwa. Baadaye Ajzen akaongeza sehemu ya tatu, na maelezo yake ya mwaka wa 1991 ndiyo yanayotumiwa sana hata leo na watu wanaochunguza mambo ya afya. Mimi nimeyaweka kwa lugha ya jikoni ili yatukae vizuri. Nia ni chungu, na chungu hukaa juu ya mafiga matatu. Ondoa figa moja, chungu kitapinduka hata kama mawili yaliyobaki ni makubwa kama mwamba.

Figa la kwanza ni jinsi mtu anavyoliona jambo lenyewe. Je, kujikinga kuna faida kwangu, au kutanipa hasara? Anayeona kwamba kungoja kutamfikisha chuoni hukusudia kungoja. Anayeamini kwamba kungoja ni ushamba, ama kwamba kondomu ni ya malaya, hawezi kukusudia, maana moyoni mwake kinga imekwisha kuwa aibu. Hapa ndipo uvumi unapofanya kazi yake. Kuna wanaosema ati mara ya kwanza msichana hashiki mimba. Ni uongo mtupu! Kuna wanaosema ati mtu msafi na mnene hawezi kuwa na virusi. Huo nao ni uongo, kwa maana virusi havionekani kwa macho.

Figa la pili ni macho ya watu. Ninaowaheshimu na kuwapenda, yaani wazazi, marafiki, mpenzi na watu wa kanisani, wanatarajia nini kwangu? Na wenzangu wa rika langu wanafanya nini? Figa hili lina nguvu ya ajabu kwetu sisi vijana. Wavulana wakikaa chini ya mti wakati wa mapumziko utasikia, "Wewe bado? Kwani wewe ni padre?" Wasichana nasi tunasemana, "Huyo hana mtu, anajidai mtakatifu." Lakini hebu tufikiri. Anayesema sana ni nani? Debe tupu haliachi kuvuma. Aliyeamua kungoja hasimami kwenye mkutano wa gwaride kutangaza kwamba anangoja. Hunyamaza. Kwa hiyo tunachosikia ni sauti za upande mmoja, kisha tunadhani darasa zima liko upande huo. Kijana anafuata umati ambao pengine haupo.

Figa la tatu ni uwezo, yaani kama mtu anaamini kwamba jambo hilo liko mikononi mwake. Naweza kusema "sitaki" na nikasikilizwa? Nina nauli? Nina sodo mwezi huu? Naweza kuingia kituo cha afya kuuliza swali bila ya habari kufika nyumbani kabla yangu? Figa hili ndilo husahaulika, na mimi naona ndilo dogo kuliko yote hapa kwetu milimani.

Figa la tatu katika njia zetu

Sisi ni wanafunzi wa kutwa. Hatuna bweni wala kengele ya kulala. Jioni kila mmoja hushika njia yake, wengine mwendo wa saa nzima na zaidi, kupanda na kushuka. Mwezi wa nne mvua hunyesha na ukungu hushuka hadi humwoni aliye mbele yako. Hapo husimama pikipiki. "Panda nikufikishe, utalipa siku nyingine." Wanafunzi wenzangu, siku nyingine hiyo ni lini, na malipo yake ni nini? Sisemi waendeshaji wote ni wabaya, la hasha. Wengi ni kaka zetu, na hutufikisha salama bila neno. Lakini deni dogo la nauli likirundikana hugeuka kuwa kamba. Mara inakuja chipsi, mara sodo, mara simu. Msichana anaweza kuwa anajua kila kitu kilichoandikwa katika kitabu cha Biolojia, na bado aone hana mdomo wa kukataa, kwa sababu amekula cha mtu.

Ukishuka hadi Voi kwenye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, pesa na wasafiri ni wengi zaidi, na ahadi ni kubwa zaidi. Mwenye figa la tatu dogo huko huyumba upesi.

Tena sheria iko wazi. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka wa 2006 inasema kwamba aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na mtu mzima anayefanya naye ngono ametenda kosa hata akisema, "Yeye mwenyewe alikubali." Kwa hiyo tunapouliza kwa nini msichana fulani hakujikinga, tuulize pia ni nani aliyekuwa na pesa, umri na pikipiki.

Ushahidi kwamba mafiga yanaweza kuimarishwa

Msomaji anaweza kuuliza, "Haya yote ni maneno, yamewahi kusaidia wapi?" Yamesaidia hapa hapa Kenya. Mwaka wa 2003 na 2004 kulifanyika utafiti katika shule 328 za msingi magharibi mwa nchi, sehemu za Bungoma na Butere-Mumias. Watafiti walikuwa Pascaline Dupas, Esther Duflo na Michael Kremer.

Katika baadhi ya shule walimu walipewa mafunzo ya kufundisha mtaala wa serikali wa Ukimwi, uliosisitiza kungoja hadi ndoa. Mafunzo hayo peke yake hayakupunguza mimba. Katika shule nyingine wanafunzi wa darasa la sita walipewa sare za bure. Sare tu! Baada ya miaka mitatu wasichana waliokuwa wameshika mimba walikuwa asilimia 13, hali katika shule ambazo hazikupewa sare walikuwa asilimia 16. Walioacha shule pia walipungua. Sare si somo la Ukimwi. Lakini mtu akiwa na sare anabaki shuleni, na anayebaki shuleni ana jambo la kulinda. Hilo ni figa la kwanza na la tatu kwa pamoja.

Katika shule 71 Dupas alifanya jambo la ajabu zaidi. Mgeni aliingia darasa la nane kwa dakika 40. Wanafunzi walitazama filamu fupi kuhusu msichana na mwanamume mkubwa anayemtega kwa zawadi. Kisha wakaonyeshwa tarakimu za mji wa Kisumu: katika kila umri, wanaume wangapi wana virusi na wanawake wangapi. Wakajionea wenyewe kwamba mwanamume wa miaka 25 au 30 ana hatari kubwa kuliko mvulana wa rika lao. Hawakupigiwa kelele wala kutishwa. Katika mwaka uliofuata mimba za wasichana hao zilipungua kwa asilimia 28, na zile za wanaume wakubwa zilipungua kwa zaidi ya nusu.

Kwa nini dakika 40 zilishinda? Naona ni kwa sababu ziligusa swali ambalo wasichana walikuwa nalo. Walikuwa wakimwona mtu mzima mwenye kazi kuwa ndiye salama na ndiye wa maana. Maoni hayo yalipobadilika, nia nayo ikabadilika.

Nasi tulio wa Chama cha Kiswahili tusisahau nguvu ya neno moja. Mwaka wa 2008 redio za Tanzania zilikuwa zikitangaza vichekesho vya bwana mmoja mtu mzima aliyeitwa Fataki. Kila alipomtongoza msichana, jirani au rafiki aliingilia kati na Fataki akaaibika. Muda si muda neno fataki likawa jina la kila mwanamume wa tabia hiyo. Zamani alionekana ana bahati, sasa watoto wanamcheka njiani. Hapo ndipo figa la pili lilipogeuzwa upande wa kijana: aibu ilitoka kwa msichana ikamhamia mwanamume.

Kutoka nia hadi tendo

Linabaki jambo moja. Ziko nia nyingi njema zilizofia njiani. Mwaka wa 1999 mtaalamu mmoja Mjerumani, Peter Gollwitzer, alieleza kwamba mtu hutimiza nia yake zaidi akiipangia mapema: ikiwa jambo hili litatokea, basi nitafanya hivi. Mpango huu wa "ikiwa na basi" ni rahisi, na kila mmoja anaweza kuuandika nyuma ya daftari lake. Mimi naandika hivi:

Ikiwa mvua itanikuta shuleni, basi nitangoja wenzangu wa njia moja tutembee pamoja.

Ikiwa mtu mzima atanipa pesa bila sababu, basi nitamwambia shangazi siku hiyo hiyo.

Ikiwa mtu ataniambia, "Kama wanipenda nionyeshe," basi nitamjibu, "Anayenipenda atangoja," na nitaondoka, sitakaa kubishana.

Nanyi wavulana msijifanye haiwahusu. Ikiwa wenzako watakuita mshamba, basi waulize, "Mtoto akizaliwa, ni nani kati yenu atamlea?" Utaona jinsi watakavyobadilisha mazungumzo.

Na iwapo mtu amelazimishwa, hilo si kosa la nia yake hata kidogo. Asioge kwa haraka wala asijifiche. Aende hospitali mara moja, kwa maana dawa za kuzuia maambukizi ya virusi hufanya kazi zikianzwa kabla ya saa 72 kupita. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo.

Neno kwa wakubwa

Walimu na wazazi wetu, tunawaheshimu. Mnatuambia, "Someni, achaneni na mambo hayo." Tunasikia. Lakini neno hilo hugusa figa la kwanza tu. Tunaomba mtuguse na haya mengine mawili. Mzazi akijua bei ya sodo na nauli ya binti yake, amemjengea kinga. Mwalimu akijibu swali bila kuuliza, "Kwani wewe umeanza?" amefungua mlango ambao uvumi ulikuwa umeufunga. Na mwenzetu aliyejifungua akirudi darasani, jambo ambalo serikali imeliruhusu tangu mwaka wa 1994, tumpishe akae bila kunong'ona. Yule aliyehusika naye, ikiwa ni mwanafunzi, hakukosa hata kipindi kimoja.

Kwa kifupi, ndugu msomaji, kijana hajikingi kwa sababu anajua. Hujikinga anapoona faida, anapoona wenzake wako pamoja naye, na anapoona ana uwezo. Chungu chetu kimejaa maarifa. Kazi iliyobaki ni mafiga.

Maswali ya mjadala chamani

1. Kati ya mafiga matatu, lipi ni dhaifu zaidi katika kijiji chako? Toa mfano bila kutaja jina la mtu.

2. Kila mwanachama aandike kwenye karatasi, bila jina, anadhani wanafunzi wangapi kati ya kumi wameamua kungoja, kisha aandike kama yeye mwenyewe ameamua hivyo. Mwalimu mlezi asome majibu yote kwa sauti. Je, umati tunaouogopa upo?

3. Tungeni neno moja la Kiswahili au Kidawida la kumwaibisha mtu mzima anayewafuata wanafunzi, kama Watanzania walivyofanya.

4. Andika sentensi tatu za "ikiwa na basi" zinazohusu njia yako ya kwenda nyumbani.